Wakili Dufie Akataa Kuomba Radhi

Barua ya wito ilimkuta Wakili Dufie mezani, anakunywa uji wa mahindi kabla ya kwenda kazini. Alitakiwa kufika mbele ya Jaji Ofosuhene siku ya Jumatano, saa tatu asubuhi, aeleze kwa nini asifungwe kwa kuidharau mahakama.

Kosa lake alilijua. Kwa miaka sita, kila Jumamosi asubuhi, alikuwa akiketi katika kituo cha redio cha mji wa Nkwantaso na kuzichambua hukumu kwa Kitwi, lugha ya watu wa pale, mpaka wauza mihogo sokoni wakawa wanabishana vifungu vya sheria. Jumamosi iliyopita aliichambua hukumu ya Eno Kyerewaa, mjane asiye na mtoto. Mumewe alipofariki, mpwa wa marehemu aliidai nyumba kwa mila, kwamba mali hurudi kwa ukoo wa mama. Jaji Ofosuhene akampa. Dufie alikifungua kitabu cha sheria hewani, akasoma kwamba marehemu akiacha nyumba moja tu, nyumba hiyo ni ya mkewe na watoto, na kama watoto hawapo, ni ya mke. Kisha akaongeza, "Jaji ameisoma sheria kwa jicho moja, na hilo jicho lenyewe lilikuwa limesinzia."

Mji mzima ulicheka. Jaji hakucheka.

Jumanne alasiri alifika Mzee Ntiamoah, wakili mkongwe aliyemfunza kazi. Alikuwa na barua ya kuomba radhi, imeshapigwa chapa.

"Binti yangu, tia sahihi tu. Yote nimeyaandika mimi."

Dufie akaisoma mpaka mwisho. "Mzee, umeandika kwamba nilikosea sheria."

"Funika kombe mwanaharamu apite."

"Nikilifunika hili, atakayepita ni yule mpwa, na Eno Kyerewaa atabaki nje na vyungu vyake."

"Hebu acha ukaidi! Unadhani mahabusu kuna anayejali vifungu?"

"Nitakuwepo mimi."

Mzee aliinuka bila kuyagusa maji aliyokaribishwa, na kwa mtu wa umri wake hilo lilikuwa tusi zito. Mlango ulipofungwa, Dufie aliisoma barua tena. Aliipenda kazi yake, na alimwogopa Ofosuhene kama wenzake wote walivyomwogopa. Lakini barua aliichana vipande vinne.

Siku ya pili ukumbi ulifurika. Jaji hakupoteza muda.

"Wakili, unaomba radhi au huombi?"

"Mheshimiwa, kwa lile neno la kusinzia, naomba radhi. Sikukuona ukisinzia."

Watu wakaangua kicheko. Karani akagonga meza.

"Na kwa sheria?"

"Kwa sheria siombi. Naomba kifungu kisomwe hapa, kisha isomwe hukumu, watu wapime."

"Hapa si redioni!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Redioni kila mtu hupewa nafasi ya kujibu. Hapa mlalamikaji ni wewe, shahidi ni wewe, hakimu ni wewe. Sasa mimi nimeitiwa nini?"

Akahukumiwa siku saba.

Alilala kwenye saruji pamoja na wanawake watano. Kufikia Ijumaa alikuwa amewasikiliza wote kesi zao, na wawili kati yao aligundua hawakuwahi hata kusomewa mashtaka. Akawafundisha la kusema watakapopelekwa mbele ya hakimu.

Jumamosi askari wa zamu aliwasha redio yake, akaipandisha sauti makusudi ili iwafikie. Badala ya Dufie ikasikika sauti nzito yenye kikohozi. Alikuwa Mzee Ntiamoah. Alikisoma kifungu kile kile, polepole, mara mbili.

"Mimi nina miaka arobaini na minne katika kazi hii," akasema. "Juzi nilimshauri binti yangu vibaya, kwa woga. Aliyoyasema ndiyo sheria. Jaji akitaka, na mimi aniite. Nyumbani kwangu anapajua."

Dufie alijifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa, akalia.

Jumatatu Mzee mwenyewe alisimama mbele ya majaji watatu wa rufaa, na rufaa mbili mkononi, ya Dufie na ya Eno Kyerewaa. Walimwachia Dufie siku ile ile, wakisema mtu hawezi kuwa hakimu wa ugomvi wake, na hukumu ikishasomwa hadharani, watu wana haki ya kuijadili. Wakaamuru pia Eno Kyerewaa arudi nyumbani kwake mpaka rufaa yake isikilizwe.

Mpwa alimngoja mlangoni. "Usijisahau, mama. Kesi haijaisha."

"Najua haijaisha, mwanangu," mjane akamjibu. "Nipishe nifagie."

Alhamisi Dufie alikuwa na kesi nyingine, mbele ya Jaji Ofosuhene yule yule. Alivaa joho lake, akaingia mapema, akainama kama desturi inavyotaka, kisha akachagua kiti cha mbele kabisa.