Viti Havikutosha Nyumbani kwa Kipaza

Asubuhi baada ya maziko ya mdogo wake, msusi alikuwa jikoni anakwangua ukoko kwenye sufuria kubwa wakati mwanamume mmoja alipoingia bila hodi, akavuta kiti cha meza ya kulia, akaketi na kukunja nne.

"Karibu," msusi alisema, maana mtu aliyekwisha kaa utamwambia nini kingine. "Samahani, wewe ni nani kwetu?"

"Mimi ni yule mume wa mtu aliyemwacha mdogo wako kwenye mataa," mwanamume alijibu. "Kwa ajili yangu ndiyo akajiua."

Mdogo wake hakuwahi kuwa na mume wa mtu. Angekuwa naye angesema, maana tangu utotoni hakuwahi kulala na siri tumboni. Msusi alipomtazama mgeni vizuri aliona hata uso wake haujatulia. Mara alikuwa mrefu, mara mfupi, mara ana ndevu, mara hana, kwa sababu huko nje watu walikuwa bado wanabishana yukoje. Kufikia adhuhuri walikubaliana, na mgeni akabaki na kitambi, kipara na saa kubwa ya mkononi. Aliomba chai, sukari isizidi, ana presha.

Marehemu ndiye Kipaza. Jina hilo alipewa na mama yao angali mchanga, kwa jinsi alivyolia mtaa mzima ukaamka, na likamfuata hadi redioni, alikoendesha kipindi cha vichekesho cha asubuhi. Watu walipiga mswaki wakimsikiliza. Madereva walipitiliza vituo. Wanandoa walionuniana tangu usiku walijikuta wanacheka pamoja, kisha wanaudhika kwamba wamecheka. Siku ilipotangazwa kwamba Kipaza amejiua, mji ulilia, na kilio kilikuwa cha kweli, tusiwasingizie. Walilia benki, walilia kwenye foleni ya hospitali. Askari wa barabarani alilia huku ameinua mkono kusimamisha magari, na magari yakasimama palepale hadi alipomaliza. Machozi yakakauka, na midomo ikabaki haina kazi.

Saluni ya msusi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, na mteja wake wa kudumu alikuwa jirani aliyeitwa Mama Nasikia, kwa kuwa hakuna sentensi aliyoianza kwa neno jingine.

"Nasikia alikuwa mgonjwa, akawaficha," Mama Nasikia alisema, kichwa kimeinama mikononi mwa msusi. "Pole sana, mwanangu. Usibane sana hapo kisogoni."

Kabla hajamaliza, sebuleni kulisikika kikohozi. Mwanamke mwembamba aliyejifunika shali alikuwa amelala kwenye kochi dogo. Alisema yeye ndiye ugonjwa uliofichwa, akaomba dirisha lifungwe. Mchana ule alikuja bwana wa miwani myeusi, ambaye ndiye Kipaza alitia naye saini huko gizani ili apate umaarufu. Huyu alikaa karibu na televisheni na kubadilisha stesheni bila kumuuliza mtu. Wakafuata rafiki aliyemsaliti, bosi aliyemtaka kwa nguvu na shetani la baharini lililolowesha zulia zima. Kila neno lililotamkwa mjini lilipata miguu, likaja, likakaa. Msusi aliazima viti kwa jirani, akaleta stuli za saluni, akapindua ndoo. Akileta kiti, mjini wanaongeza neno. Kutwa nzima ilikuwa kuinuka na kukaa, mlango kufunguliwa na kufungwa, vijiko kulia vikombeni, na msusi hakumbuki kama aliweza kusimama mahali pamoja hadi pumzi ikamrudia.

Mama yao alijifungia chumbani. "Mimi nimezaa wawili," alisema kupitia mlango. "Sikuzaa ukumbi wa harusi. Wakiondoka niite."

Na jua lilipokuwa linazama, Kipaza mwenyewe akaja.

Aliingia kwa mlango wa jikoni, amevaa gauni lake la nyumbani na kandambili za bluu, nywele bado zile ambazo msusi alimsuka kwa mkono wake mwenyewe. Akasimama mlangoni mwa sebule, akatazama kiti hadi kiti. Vyote vilikuwa na watu. Alimtazama dada yake, akafungua mdomo, akaufunga, na giza lilipoingia akatoka alikoingilia.

Wafu hawawezi kusema wakiwa wamesimama. Hilo lilijulikana nyumbani tangu alipofariki baba yao, ambaye alikuja jioni moja, akakaa kwenye kochi lake, akawaambia ufunguo wa kabati uko ndani ya kiatu cha kushoto, akamwomba mama yao msamaha kwa jambo ambalo mama hakuwahi kulisimulia, akaenda zake roho nyeupe. Ndiye aliyewaeleza kwamba wafu huruhusiwa kurudi jioni chache tu. Ni chache kiasi gani, hakusema.

"Amekaa?" mama aliuliza kutoka chumbani.

"Hajakaa, mama."

"Kwa nini?"

"Hakuna kiti."

Mama akaanza kulia taratibu, kilio cha mtu asiyetaka wageni wamsikie. Msusi aliegemeza paji la uso mlangoni, naye akalia. Alikuwa na uchungu, na juu ya uchungu alikuwa na hasira. Mdogo wake ana neno la kusema, na watu wanaosema kwa niaba yake ndio waliomkalia viti.

Kesho yake alimwomba mume wa mtu kwa upole asimame kidogo jioni ikifika.

"Ningependa, shemeji," alisema yule bwana. "Lakini bado wananisema. Nikisimama naanguka."

Akajaribu kumwachia mdogo wake kitanda. Jioni Kipaza alipofika, kitandani tayari amelala mganga aliyempa dawa mbaya, mgeni wa saa kumi. Mama aliuliza, "Amekaa?" Msusi akajibu, "Hajakaa."

Kisha akaja mtoto. Mama Nasikia alikuwa amesikia kwamba Kipaza alizaa zamani akamficha mtoto kwa watu, na palepale msichana mdogo mwenye pengo akasimama sebuleni na begi la shule mgongoni, anauliza bibi yuko wapi. Huyo alimtoa mama chumbani. Mama alijua fika hana mjukuu. Alimnawisha uso hata hivyo, akampa maziwa, akamwuliza shuleni wanafundishwa nini. "Ana paji la baba yenu," alisema, na msusi hakumbishia.

Siku moja msusi alikuwa anamsuka yule msichana, kapaka mafuta, kagawa mistari, huku Mama Nasikia anasubiri zamu yake.

"Nasikia ile ya mtoto ilikuwa uongo," Mama Nasikia alisema. "Kumbe ni binti wa mwenzake kazini. Watu nao!"

Vidole vya msusi vikabaki vinasuka hewa. Kitana kilianguka kwenye kiti kitupu. Begi la shule nalo halikuwepo.

"Mjukuu wangu yuko wapi?" mama aliuliza alipokuja na kikombe.

"Wameacha kumsema, mama."

Mama aliyanywa maziwa mwenyewe, amesimama, akarudi chumbani na kufunga mlango. Sasa alikuwa na wawili wa kuwalilia. Lakini msusi alikuwa amepata jibu. Kumbe huondoka. Watu wakiacha kuwasema, huondoka na mizigo yao. Palikuwa na mahali pamoja tu pa kuwaambia watu wote kwa mpigo.

Redioni walimpokea kwa heshima zote. Mtangazaji mpya, aliyerithi kiti cha Kipaza na bado hajajua akiinueje kimfae, alimkumbatia na kulia begani mwake. Ukutani ilitundikwa picha ya Kipaza, chini yake maua. Kila asubuhi walifungua kipindi kwa sauti yake, kipande ambacho wasikilizaji walipiga kura kwamba ndicho kilichowachekesha kuliko vyote. Msusi alikisikia akiwa amekaa, vipokea sauti masikioni: "Jamani, mimi nimechoka. Nimechoka hadi uchovu umenichoka. Usingizi nausikia kwa majirani." Kisha kicheko.

Kicheko hicho kilitoka kwenye kitufe chekundu cha fundi mitambo. Kilirekodiwa zamani ukumbini, na baadhi ya waliocheka humo walikwisha kufa, ila walicheka vizuri. Kazi ya fundi mitambo ilikuwa moja: Kipaza akinyamaza, bonyeza. Miaka yote aliyofanya naye kazi hakuwahi kuchelewa.

"Mimi ni dada yake," msusi alisema taa ya kuwa hewani ilipowaka. "Nimekuja kuwaomba kitu kimoja. Mdogo wangu alisema amechoka. Mmetoka kumsikia sasa hivi." Akatua kidogo ameze mate.

Kicheko kikalipuka.

Fundi mitambo aliushika mkono wake kwa mkono mwingine. "Samahani, dada," alinong'ona kupitia kioo. "Mkono umezoea."

"Hakuwa anatania," msusi alisema. "Alisema hapa, alisema nyumbani, alisema kwa daktari. Kila mahali watu walishika mbavu." Sauti ikamkatika, akanyamaza.

Kicheko tena, kirefu zaidi.

"Naombeni mnyamaze," alisema. "Nyumbani hatuna hata pa kukaa."

Hapo fundi mitambo alikuwa ameukalia mkono. Mkono ukachomoka.

Simu zikaingia. Wa kwanza alisema kumbe kipaji ni cha ukoo, dada yake naye awekwe hewani kila asubuhi. Wa pili alilia sana akashindwa kuongea. Wa tatu alikuwa Mama Nasikia, ambaye sauti yake msusi aliijua hata kabla ya neno la kwanza. "Nasikia," alisema, "huyu dada mtu hakutoa chozi hata moja. Mimi simo, lakini wivu wa dada na mdogo wake mnaujua."

Simu zilimshikilia pale hadi alasiri, na msusi alirudi nyumbani kwa miguu, mbiombio, jua limeshaanza kulala. Kiti kimoja chenye mguu uliopigiliwa msumari alikificha tangu asubuhi nyuma ya mlango wa jikoni, amekifunika gunia, ili Kipaza akija akikute. Sasa gunia lilikuwa limekunjwa vizuri na kuwekwa kando. Juu ya kiti alikaa mwanamke mwenye uso wake, aproni yake ya saluni, na kitana kimechomekwa nyweleni kama anavyochomeka yeye.

"Mimi ndiye dada aliyemwonea wivu," yule mwanamke alisema.

"Umekalia kiti chake."

"Najua. Nimejisikia vibaya, lakini hapakuwa na kingine."

Msusi alichoka ghafla, uchovu wa mifupani. "Chai yako iweje?"

"Kama yako."

Alikuwa anammiminia wakati mlango wa chumbani ulipofunguliwa. Mama alitoka, kichwa wazi, redio ndogo kwapani. Akapita katikati ya wageni, na wageni wakavuta miguu yao wampishe.

"Nimekusikia," alimwambia binti yake. "Umesema vizuri."

"Wamecheka, mama."

"Nimewasikia pia."

Mama akaweka redio juu ya friji. Halafu, kwa shida, magoti yanalia, akakaa chini kwenye sakafu ya jikoni, akaegemea ukuta na kunyoosha miguu. Jua lilikuwa limefika kwenye ukingo wa dirisha. Kipaza akaingia na kandambili zake, akatazama kiti cha msumari, akamtazama aliyekikalia, akamtazama dada yake halisi.

"Acha viti," mama alisema, akipigapiga mapaja. "Njoo nikupakate."

Kipaza alikuwa mtu mzima, amemzidi mama kimo na upana. Alijikunja, akakaa mapajani mwa mama yake, kichwa begani, miguu imevuka hadi chini ya meza. Mama alimzungushia mikono. Msusi alifunga mlango wa sebule na kuuegemea kwa mgongo.

"Haya, mwanangu," mama alisema. "Umekaa. Sema."

Kipaza akavuta pumzi. "Mama," alisema, na sauti ilikuwa ileile ya asubuhi zote, "mimi nimechoka."

Sebuleni wakacheka.

Wakacheka wote kwa pamoja: mume wa mtu, ugonjwa uliofichwa, bwana wa miwani, shetani na zulia lake. Jikoni, yule mwenye uso wa msusi naye alicheka, ameficha mdomo kwa aproni. Hawakuwa na nia mbaya. Walitoka vinywani mwa watu waliompenda Kipaza, na sauti ile waliizoea hivyo.

Kipaza akainua kidole, ishara yake ya studioni, akangoja kicheko kiishe ndipo aendelee. Kazi ilimfundisha asiseme juu ya kicheko. Mama akangoja. Msusi akafungua mlango kidogo, akasema, "Nawaomba, anaongea," wakazidi kucheka. Akaufunga, akaupiga kwa ngumi, akaita, "Sema tu, mdogo wangu, sisi tunakusikia, sema!" Lakini Kipaza alitikisa kichwa na kuendelea kungoja, kidole juu, macho yanatabasamu kwa mazoea, hadi mwanga ukatoka dirishani. Akainuka. Akavaa kandambili iliyomvuka. Mdomo wake ulikuwa bado umefunguka kidogo alipotoka.

Hiyo ndiyo ilikuwa jioni ya mwisho aliyopewa. Wao hawakulijua hilo. Kesho yake mama alishuka sakafuni mapema, akanyoosha miguu, mapaja yakiwa tayari, huku msusi akigawa chai sebuleni, na juu ya friji redio ilirudia kipindi cha asubuhi kwa maombi ya wasikilizaji: Kipaza akisema amechoka, dada yake akisema hakuwa anatania, na baada ya kila mmoja, kicheko.