Mlango wa Chumba cha Ngoma

Mvua ilikuwa imepungua Mwau alipofika kwenye ukumbi wa kanisa uliohifadhi waliokumbwa na mafuriko, mtaa wa Landless, na mtoto kifuani ndani ya koti. Mto ulikuwa umebeba nyumba yao kule Ruiru, na mkewe alikuwa amelazwa hospitalini.

"Hapa ni akina mama na watoto tu," Wangechi, msimamizi, alimwambia mlangoni. "Mtoto tutampokea. Wewe, baba, pole."

"Hajawahi kulala bila mmoja wetu."

Wangechi alisita. Akageukia wanawake waliokuwa wakikunja nguo. "Ukumbi ni wenu. Mmoja akikataa, basi."

"Unakoroma?" Mama Marvin aliuliza.

"Kidogo."

"Hata wangu alisema kidogo, na mabati yakang'oka!"

Wakacheka. Mmoja baada ya mwingine wakakubali, hadi akabaki Naliaka.

Naliaka hakucheka. Kabla ya kuja hapa alikuwa amelala wiki mbili kwenye darasa moja, wanaume kwa wanawake, na gizani mkono wa mtu ulimpapasa. Hakujua ulikuwa wa nani. Hapa ndipo usingizi ulipomrudia. Akamtazama yule mtoto akinyonya kifungo cha shati la babake, roho ikamuuma. Lakini hofu nayo haikuondoka.

"Siwezi," alisema polepole.

Mwau aliinamisha kichwa. "Sawa, dada. Sikulaumu." Akaanza kumfungua mtoto kutoka kifuani. Mtoto akang'ang'ania koti kwa mikono miwili.

"Ngoja kwanza," Naliaka alisema. "Wangechi, kile chumba cha ngoma za kwaya kina kufuli?"

"Kiko nayo, ya nje."

"Alale humo na mtoto. Ufunguo nikae nao mimi."

Mama Marvin akanong'ona, "Haki, Naliaka, umfungie mtu mzima kama kuku?"

Mwau akadakia, akimtazama Naliaka. "Nifungie, dada. Bora tulale pamoja."

Wangechi akaandika majina yao: Mwau, na Mitchell, miezi minane. Wanawake wakasogeza ngoma ukutani, wakatandika godoro. Naliaka akaleta chupa ya maji ya moto na blanketi la mwanawe, akaviweka chini bila kumtazama Mwau machoni. Mwau alipoingia na mtoto, akafunga mlango kwa nje, akajaribu kufuli mara mbili.

Aliposikia ndani sauti ya kubembeleza, akavuta mkeka wake, akautandika karibu na mlango ule.

"Baba Mitchell."

"Naam?"

"Ukitaka chochote, gonga tu. Nitakufungulia."