Konrodi za Chini ya Kaunta

Mama Pacha alikuwa na sikio. Ukimpelekea konrodi iliyotumika, yaani ule mkono wa chuma unaoshika pistoni upande mmoja na krenki upande wa pili, aliining'iniza kwenye uzi, akaigonga kwa spana ndogo, akainamisha kichwa. Iliyo nzima ililia kama kengele. Yenye ufa ilitoa mlio mfu, basi. Kazi hiyo alirithi kwa marehemu baba yake pamoja na duka la spea, na mafundi wa mtaa mzima walipanga foleni awasikilizie vyuma vyao.

Mumewe, Baba Pacha, mwenye gereji ya mabati ng'ambo ya barabara, alimpatia hapo hapo kwenye kaunta. Enzi hizo alikwenda kutafuta pampu ya maji, na yule binti akainama, akamtolea moja safi kutoka chini ya kaunta. "Hii nilikuwekea wewe," akasema. Pampu ilishakufa zamani, lakini maneno yale Baba Pacha alikuwa nayo mpaka leo, na ndiyo yaliyokuja kumponza.

Sasa alikuwa anaifumua injini ya gari lake kuukuu na kuijenga upya, iwe ya mbio. Kila mwisho wa mwezi wenye magari walikutana kwenye uwanja wa ndege uliotelekezwa kupimana ubavu, na kila mara Baba Pacha alirudi na vumbi la wenzake. Hela ilikuwa ya kuungaunga. Mkewe alikaa naye mezani kuchagua cha kununua na cha kuacha.

"Nataka na ekzosi nene," mume alisema.

"Ekzosi haikimbizi gari, Baba Pacha. Inakimbiza majirani." Mama Pacha akasogeza kikombe pembeni. "Hela tuizike kwenye visivyoonekana. Beringi mpya, gasketi mpya, pampu ya oili mpya. Pistoni na konrodi tuchukue zilizotumika. Nitakuchagulia mwenyewe."

Nitakuchagulia mwenyewe! Baba Pacha alilala siku hiyo kama mfalme.

Ila kulikuwa na Bluu. Huyu alikuwa kijana muuza magodoro, mrefu, ananukia tangu mlangoni, na jina alilipata kwa sababu ya gari lake la bluu ambalo kila mwisho wa mwezi lilimwacha Baba Pacha kwenye mataa. Injini zao zilikuwa aina moja. Maana yake, spea walizotafuta zilikuwa zile zile, na aliyewachagulia alikuwa mtu yule yule.

Siku Baba Pacha alipokwenda kuchukua konrodi zake, alimkuta Bluu ameegemea kaunta kwa viwiko vyote viwili, amefumba macho eti anasikiliza.

"Na hii je, dada?"

"Hiyo marehemu."

"Hii?"

"Hiyo inaimba. Chukua kabla haijabadili mawazo."

Wakacheka. Mama Pacha alicheka mpaka akajifuta macho kwa kiganja, na mumewe aliyesimama mlangoni akajaribu kukumbuka ni lini yeye alichekewa hivyo. Hakukumbuka.

"Zako ziko ndani ya boksi, rafu ya nyuma," mkewe alimwambia, spana mkononi.

Akazunguka nyuma ya kaunta. Ndani ya boksi mlikuwa na konrodi nne nyeusi tii, kutu huku, oili iliyoganda kule. Ndizo alizochaguliwa yeye, mume wa ndoa. Alipoinama kuziokota, akaona kitu chini ya kaunta: furushi lililofungwa kwa mtandio wa mkewe, ule wa maua ya njano. Akalegeza fundo. Konrodi nne, aina ile ile, zinang'aa ungesema zimetoka kiwandani jana.

"Ziache hizo hapo hapo, Baba Pacha," mkewe akasema bila hata kugeuka.

"Ijumaa nitarudi, dada," Bluu akaaga. "Usinisahau."

"Nikusahau vipi, na makelele yako yote hayo?"

Baba Pacha akaelewa, au alidhani ameelewa. Chini ya kaunta! Mahali pake yeye! Wivu ulimpanda kichwani hadi masikio yakawaka moto. Mama Pacha alipoingia stoo kutafuta nati, mumewe alizitoa zile zinazong'aa, akaziviringisha zile nyeusi ndani ya mtandio, akafunga fundo kama alivyolikuta, akavuka barabara na boksi lake kwapani. Huyo Bluu na aje Ijumaa apewe kutu.

Gereji kwake hakuzigonga. Azigonge za nini, na zimekwisha kupita kwenye sikio la Mama Pacha? Hapo ndipo penye kioja: sikio la mkewe aliliamini kabisa, moyo wake ndio hakuuamini. Akafunga injini kwa siku tatu huku akipiga mluzi.

Jumamosi injini iliwaka mara ya kwanza. Mama Pacha alifunga duka mapema, akavuka barabara, akafungua mlango wa abiria na kujifunga mkanda.

"Shuka kwanza niijaribu," mume alisema.

"Thubutu! Konrodi nimechagua mimi, wa kwanza kupanda ni mimi. Nilichambua boksi tatu kukupatia zile nne. Sura mbaya, lakini sauti! Hata huyo Bluu sikumwonyesha." Akaegemeza kichwa kwenye kiti, amefurahi. "Hivyo vyuma chakavu vingine vimenichosha. Mtu kanisugulia konrodi zikang'aa ili anipige bei, kumbe moja ina ufa. Nikazifungia kwenye mtandio chini ya kaunta, nisije nikajisahau nikamuuzia mtu akafa bure. Jana mnunuzi wa vyuma chakavu kaja kazichukua, zimekwenda kuyeyushwa."

Baba Pacha akazima injini.

"Mbona unazima?"

Angeweza kusema mafuta, angeweza kusema plagi. Lakini mke alikuwa ameketi pale na mkanda kifuani, anamngoja amkimbize.

"Shuka," akasema. "Ni zile za kwenye mtandio. Nilibadilisha."

Mama Pacha akafungua mkanda. "Ulidhani nimemwekea nani?"

Baba Pacha akashuka, akainua boneti.

"Fungua injini," mke akasema.

Aliifungua mchana kutwa, mkewe amekaa juu ya tairi. Konrodi ya tatu ilipotoka, Mama Pacha aliining'iniza kwenye uzi, akaigonga. Ikatoa mlio mfu.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Tangu nizaliwe, mtu niliyewahi kumwekea kitu chini ya kaunta ni mmoja tu." Akamkabidhi ile konrodi, akavuka barabara peke yake.

Jumatatu Baba Pacha alikwenda dukani kutafuta nyingine. Palikuwa na foleni, naye akapanga kama wengine, nyuma ya fundi pikipiki. Zamu yake ilipofika alichungulia chini ya kaunta. Palikuwa pamefagiliwa, patupu.

Mkewe akainua uso.

"Karibu, fundi," akasema. "Unatafuta nini?"