Mti Unaolia

Saa nne Rugema alikuwa amekwisha kubeba makarai arobaini ya mchanga, na mgongo wake wa miaka sitini na sita ulikuwa umeanza kumtukana. Ndiyo kazi aliyopewa kwenye handaki la kupitisha maji lililokuwa likichimbwa karibu na mji mdogo wa Mahoko, mwaka huo wa 1999. Miaka ishirini na minne alisimamisha miti ya kuzuia dari kwenye migodi ya makaa ya mawe ya Luena, Katanga, lakini karatasi yake ilisema "kibarua" tu. Fundi alikuwa mzungu. Mweusi alisimamisha mti, mzungu akaandikwa fundi.

Asubuhi hiyo injinia Goffin alileta mikaratusi mikavu ya kushikilia dari, na michache ilikuwa imekwisha kusimamishwa ndani. Rugema aligonga mmoja kwa jiwe, akatua karai, akaketi mlangoni mwa handaki.

"Bon, muzee, simama!" alifoka Kayitare, msimamizi. "Nitafuta jina lako kwenye orodha!"

"Futa. Huu muti unavunjika bila kulia. Tunataka musonobari: ule unalia kwanza, mutu anakimbia."

Goffin alicheka. "We ni wa muchanga. Nani amekuuliza?"

"Luena pia mulisema hivyo. Tukazika watu kumi na moja."

Jina likafutwa, na maharage siku hizo yalikuwa yamepanda bei vibaya. Rugema aliogopa, asikudanganye mtu. Lakini Mukankusi, mponda kokoto, aliweka nyundo chini akaketi kando yake.

"Mi pia siingii," alisema.

Wakaketi vibarua wote thelathini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila hapa mkuu alikuwa Rugema, na guu lingekuwa la wengine.

Kabla ya saa sita mkaratusi ulikatika paa! ndani, mara moja tu, bila onyo, kisha udongo ukaporomoka pale ambapo watatu wangekuwa wanachimba. Vumbi likatoka. Hakuna aliyekufa. Mukankusi alipiga kelele za furaha hadi akakaukiwa sauti.

Goffin alikuwa mweupe kuliko kawaida yake. "Muzee," alisema taratibu, "unataka nini?"

"Misonobari. Na watu wote waandikwe siku muzima, pamoja na saa tulizokaa. Na miti, mi ndiye nasema inakaa wapi."

Kayitare aliandika majina yote upya, la Rugema likiwamo, bila kuinua macho.

Kesho yake lori la misonobari lilikwama bondeni, ikabidi kila mtu abebe. Goffin naye akaweka gogo begani. Rugema alimwangalia akipanda, jasho likimtiririka, na furaha ikamjaa kifua kizima. Luena hakuwahi kuliona hilo hata siku moja.

"Polepole, Goffin," alimwambia, bila kumwita bwana wala injinia. "Hapo mbele iko mawe."