Karate kwa Kinanda

Kiwanda kilipouzwa, kila mfanyakazi aliondoka na alichoweza kubeba. Wengine walibeba majora ya vitambaa, wengine viti vya ofisini, na fundi bomba mmoja alibeba sinki ambalo hakuwa na nyumba ya kuliweka. Athanas alibeba kinanda cha bendi. Hakuna aliyemzuia. Mwekezaji alikuwa amenunua kiwanda ili afuge popo, maana mpaka leo hakuna mashine iliyozunguka mle, na bendi ya wafanyakazi haikuwamo kwenye orodha ya mali zake.

Miaka kumi na minne Athanas alikipiga kinanda hicho kila Jumamosi katika ukumbi wa kiwanda. Wimbo wa mapenzi alioutunga mwenyewe, "Mwaisha wa Mikese", ulikuwa ukiombwa mara tatu kabla watu hawajakubali kwenda kulala. Sasa ukumbi ule ule ulikodishwa kwa harusi, na maharusi wa siku hizi walitaka muziki wa diski. Hilo ndilo lililomuuma. Kukosa mshahara alikuzoea kama wenzake wote. Alichoshindwa kukizoea ni kutosikika. Alitaka aupige "Mwaisha" mara moja tu, mle mle ukumbini, mbele ya watu, halafu Mungu afanye apendavyo.

La kuvunda halina ubani. Masika ya mwaka ule mvua ilivuja kwenye chumba chao cha mtaa wa Kihonda, mjini Morogoro, ikakilowesha kinanda, na tangu siku hiyo ukikibonyeza taa zinawaka lakini chenyewe kimenuna. Filomena, mkewe, alikuwa na wazo.

"Tukifanye meza ya kupigia pasi, Baba Pendo. Nacho kitafute kazi nyingine kama wewe."

Athanas alikibeba begani hadi kwa Luqmani, kijana aliyekuwa na duka la kompyuta karibu na soko, ambako vijana walilipa kwa saa ili wacheze michezo. Luqmani alimwamkia, akakifungua kinanda, akakinusa.

"Sauti imeungua, mzee. Hii haiponi. Lakini ngoja, akili yake naiona nzima."

Alichukua waya, akauchomeka nyuma ya kinanda na nyuma ya kompyuta. Athanas akabonyeza do. Kwenye kioo ikatokea namba. Akabonyeza re, ikatokea nyingine.

"Unaona? Hakiimbi, ila kila ukikigusa kinaiambia kompyuta umegusa wapi," alisema Luqmani, na macho yakamtoka kama mtu aliyeokota noti.

Kijana alikuwa na shida yake. Kibodi za dukani kwake zilikuwa zikitwangwa na wateja mpaka vitufe vinazama, na mpya ikiletwa kutoka Dar haimalizi mwezi. Usiku huo aliandika programu ndogo ya kukigeuza kinanda kiwe kibodi ya mchezo wa karate: noti hii iwe mshale wa mbele, ile iwe ngumi, ile nyingine iwe teke. Kesho yake alimwita mzee akamkalisha.

"Gusa hapo."

Athanas aligusa sol. Kwenye kioo, mwanamume aliyevaa nguo nyeupe aliruka akampiga mwenzake teke la mbavu.

"Nimempiga mimi?"

"Wewe, mzee."

"Kwani amenikosea nini?"

Alisema hivyo kwa ustaarabu tu. Alikaa pale mpaka adhana ya alasiri, na jioni hakutaka kuondoka. Vijana wa Luqmani walipigana kwa kuponda vitufe kama wanaotwanga kisamvu. Athanas alikuwa na vidole vilivyosoma. Mkono wa kushoto ulitembea, wa kulia ukapiga. Aligundua pia kwamba kipigo hakiji peke yake, kinaingia kwa wakati wake, kama kiitikio. Akamwomba Luqmani apange noti upya, ili kiitikio cha "Mwaisha" kiwe hatua, kuinama, ngumi, ngumi, teke la kuruka. Baada ya wiki mbili hakuna kijana Morogoro nzima aliyeweza kusimama mbele ya kiitikio kile.

Habari zilimfikia Filomena kabla ya mumewe kurudi nyumbani.

"Miaka hamsini na sita, una wajukuu, unapigana na watoto wa watu?"

"Sipigani, Mama Pendo. Ni wimbo wangu ule. Naupiga kutwa nzima."

"Mbona wanaotoka huko hawasemi wameusikia?"



Ndipo mfanyabiashara mmoja wa kompyuta zilizokwishatumika Ulaya alipotangaza mashindano ya mchezo ule, na ukumbi aliokodi ulikuwa ule wa kiwanda. Luqmani alikuja mbio.

"Ingia, mzee. Ukishinda, bingwa anapewa dakika zake jukwaani. Nitaiamuru kompyuta itoe sauti ya kinanda kwenye yale maspika makubwa. Utapiga wimbo wako."

"Kwa nini isitoe wakati napigana?"

"Kompyuta yetu tutakayopeleka ni kongwe, inabeba sauti moja tu. Ama ya mchezo, ama ya kinanda. Na wao wanataka ya mchezo."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Jumamosi mchana Athanas alivaa suti yake ya bendi, ikambana tumboni, akakibeba kinanda begani, akaenda kupigana.

Ukumbi ulifurika. Ukutani juu ya jukwaa ilitundikwa shuka nyeupe ya kuonyeshea mchezo. Athanas aliwaangusha watano, na fainali akakutana na Erick, mwanachuo mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi.

"Shikamoo, mzee. Umekuja kupigana au kuendesha ibada?"

"Marahaba. Kaa, tuanze na sala."

Erick alishinda raundi ya kwanza. Athanas akachukua ya pili. Ya tatu ilikuwa ngumu, maana kijana alikuwa amekwisha kukisoma kiitikio kwa macho, anajua teke linakuja lini. Basi Athanas akafanya alichokuwa akiwafanyia wacheza dansi enzi zake: akalichelewesha pigo la mwisho kidogo tu. Mtu wa Erick aliruka kabla ya wakati, akashuka, na teke likamkuta njiani.

Ukumbi ulilipuka. Bingwa alivishwa kofia, akapewa zawadi ya kibodi mpya ndani ya boksi. Luqmani aliinamia kompyuta, akabofya hapa na pale, akainua dole gumba. Athanas alishika kipaza sauti.

"Wimbo huu unaitwa Mwaisha wa Mikese."

Alifumba macho, akaanza. Sauti ikatoka! Nyembamba, ya bati, lakini ni yake, na ilijaa ukumbini mpaka kwenye dari. Watu wakapiga kelele. Alipofika kwenye kiitikio walipiga miluzi, wakagonga viti, wakaomba arudie, naye akarudia. Alitokwa na machozi bila kuona aibu. Kumbe hawakusahau, alijiambia. Kwenye ubeti wa pili akafumbua macho aone nani anacheza dansi.

Hakuna aliyekuwa akicheza. Nyuso zote zilitazama juu, nyuma ya kichwa chake, na Filomena, pale mstari wa mbele, alijiziba mdomo kwa ncha ya khanga huku mabega yakitikisika kwa kicheko. Athanas aligeuka. Luqmani alikuwa ameizima sauti ya mchezo, akasahau kuuzima mchezo wenyewe. Kwenye shuka yule mtu wa nguo nyeupe alikuwa akipiga hatua kwa kila noti, na mpinzani wake, asiye na wa kumwendesha, alisimama wima kama nguzo ya umeme akila mateke ya kiitikio.

"Mwongeze, mzee!" walipiga kelele. "Mwongeze!"

Luqmani aligundua kosa lake, akaikimbilia kompyuta mikono kichwani. Athanas akamzuia kwa kutikisa kichwa. Kompyuta ikiguswa vibaya na sauti itakatika, na ulikuwa umebaki ubeti wa mwisho, ule wa taratibu, anapomwomba Mwaisha arudi.

Akaupiga. Ubeti ule haukuwa na ngumi wala teke. Mtu wa kwenye shuka alisogea mbele, akarudi nyuma, akainama, akainuka. Watu walingoja kidogo, wakaona hakuna jipya, wakaanza kusukuma viti na kuulizana usafiri. Athanas hakuwatazama tena. Alimkazia macho yule mtu wa nguo nyeupe akapiga mpaka noti ya mwisho, kwa sababu katika ukumbi mzima ni huyo peke yake ambaye hakuwa amepitwa na hata noti moja.