Amana ya Kanga Tisa

Ilikuwa miaka ile kabla siasa haijatugawa mabaraza, watu wa Mpendae walipokuwa bado wakigombana kwa mambo ya maana, kama vile majani ya mshelisheli.

Mshelisheli wenyewe ulikuwa wa Bi Mwanakheir, mjane mwenye ulimi wa kukatia vitunguu. Majani yake yakiangukia birika la maji ya mvua la jirani yake, Mzee Mjaka, fundi wa kuwamba vitanda. Siku moja Mzee Mjaka akapanda akakata tawi bila ya ruhusa. Tangu hapo majirani hawa wakawa wanasalimiana kwa kukohoa.

Asubuhi ya kusafiri kwenda Makka, Bi Mwanakheir alipita mlango kwa mlango kuomba radhi. Haendi mtu kuhiji na kinyongo cha jirani moyoni. Sisi vijana wa baraza ya dukani tulimsindikiza kwa macho. Hatukuwa na kazi nyengine. Skuli tushamaliza, na kazi zilikuwa zikituona huku zikivuka upande wa pili wa njia. Alipofika kwa Mzee Mjaka tukanyamaza, hata Matar, ambaye hakuwahi kunyamaza hata akiumwa na jino.

"Jirani, niwie radhi."

Mzee Mjaka akakohoa, kwa mazoea. Kisha akakumbuka kwamba safari hii lazima aseme. "Nimekuwia radhi, duniani na akhera. Na wewe niwie."

"Nimekuwia. Na hii amana yangu."

Akateremsha tenga lililofunikwa kanga kuukuu, likafungwa kwa ukambaa.

"Makinda wa kanga hawa, tisa. Kanga wa mbawa, si wa doti. Nimewaatamishia kuku mwenyewe, nimewalea mwenyewe. Nikirudi nataka niwakute tisa, wazima. Usiwafunue mpaka magharibi, watashtuka."

Sasa ujue Mzee Mjaka alikuwa nani. Mtu wa Mpendae akisafiri, funguo kwa Mjaka. Bangili za marehemu zikingojea mirathi, kwa Mjaka. Hakupata kupoteza hata sindano ya mtu. Hakuwa na shamba, hakuwa na cheo; alikuwa na jina hilo tu. Na amana ya mwenye kwenda kuhiji haikataliwi. Akalipokea tenga kama mtu anayepokea mtoto mchanga na hajui kichwa kiko upande gani.

"Amemtega," alinong'ona Matar. "Kanga mmoja tu akifa, mtaani itasemwa kamuua kwa ajili ya mshelisheli."

Tulicheka. Ndiyo ilikuwa kazi yetu.

Magharibi Bi Tabia, mkewe Mzee Mjaka, akafungua tenga. Kwenye ile kanga kuukuu aliona kijidoa chekundu, akadhani ni mate ya tambuu, akaitia kwenye nguo za kufua. Makinda wakatiwa bandani, banda la fito alilolijenga mzee mchana kutwa, lenye wavu wa kuvulia juu yake ili wasiruke. Wakazunguka wakipiga kelele zao zile za mlango usiotiwa mafuta.

Asubuhi Mzee Mjaka akakuta damu.

Mkia wa mmoja ulikuwa umenyofolewa, pametoka tone. Mwengine amechubuka utosini. Vidonda vyenyewe vidogo, mtoto wa madrasa angevipata kwa kuanguka njiani asilie. Lakini mzee alikaa chini kama aliyeletewa habari ya msiba.

"Tabia! Kicheche ameingia!"

"Kicheche gani wa kuonja mkia akaenda zake?" alisema Bi Tabia. "Wamejigonga kwenye fito hao. Kanga ana woga kuliko akili. Ngoja nilete hina."

Kwetu sisi hina haimpambi biharusi tu. Hina huwekwa kisigino kilichopasuka, kichwa kinachouma, jeraha linalowaka. Ni baridi, na ni sunna. Bi Tabia akaiponda, akawapaka, ikakauka, akawaosha. Vile vidonda vikabaki vyekundu vyekundu, vizuri kabisa, kama kucha za mwari.

Kesho yake walioumia walikuwa wanne. Bi Tabia akazidisha hina. Keshokutwa wakawa sita.

Mzee Mjaka akaacha kwenda kazini. Akahamishia kitanda cha mteja ukumbi wa nyuma, akawa anawamba huku jicho moja liko bandani. Kitanda kile kilitoka kimepinda, na mteja akalala juu yake upande upande mpaka alipokirudisha. Mzee aliona kwa macho yake kwamba hakuna kicheche wala paka. Ni wao kwa wao. Mmoja anatembea zake, mwengine anamjia kwa nyuma, anamdonoa palepale pana kidonda, na wote waliobaki wanakimbilia kana kwamba pamemwagwa mtama. Akamtoa aliyeumia zaidi, kijike kidogo kisicho na unyoya utosini, akakitia peke yake chini ya pakacha. Kikakataa kula. Kikalia kutwa, na wenzake wakajibu kutwa, na majirani wakauliza kunani. Ikabidi akirudishe bandani, na walipokiona wakakipokea kwa midomo.

Nasi barazani hatukusaidia.

"Mzee Mjaka, shikamoo!" alipiga kelele Matar. "Wageni hawajambo? Leo tumehesabu sauti, tumepata nane na nusu!"

"Marahaba. Skuli mlifundishwa kuhesabu vya watu tu?"

"Na vya majirani walio safarini, mzee. Hasa vile vyenye mchuzi."

Mzee hakucheka. Maneno yetu yalikuwa yakifika sokoni Darajani kabla ya mchicha. Jumatatu moja akaja Bwana Abdulla, ambaye bangili za mama yake zilikuwa zimekaa kwa Mzee Mjaka tangu mvua za masika. Akazungumza habari za joto, akazungumza habari za bei ya samaki, akamaliza yote ya kuzungumzwa, ndipo akasema, "Mzee wangu, si kwamba sikuamini..."

Mzee Mjaka akaingia ndani, akazitoa bangili, akampa zikiwa katika kitambaa kilekile na fundo lilelile. Bwana Abdulla alipopita mbele ya baraza hakutuangalia. Siku hiyo ndiyo tulianza kuona kwamba mzaha wetu una meno.

Lakini ulimi ukishazoea mbio hausimami kwa siku moja. Muhiddin, mwenzetu wa barazani, yeye akataka kusaidia. Akamwendea mzee baada ya sala ya alasiri.

"Mzee, nna jamaa yangu Makunduchi, anafuga kanga wa umri huuhuu. Nakuletea tisa, madoa kwa madoa. Hawa wako tunawatia pilau. Nani atajua?"

Mzee Mjaka alimtazama muda mrefu. Muhiddin alituhadithia baadaye kwamba aliona kabisa mzee akilipima lile neno, akilipindua, kama fundi anayejaribu kamba kabla ya kuivuta.

"Watakuwa wazima?" aliuliza mzee taratibu.

"Wazima kama yai."

"Basi si amana yake. Amana ni kile kitu chenyewe, mwanangu, na kidonda chake."

Akarudi bandani.

Ikafika habari kwamba meli ya mahujaji imeshaondoka Jidda. Kijike kile cha utosi mtupu kilikuwa hakisimami sawasawa. Kilikaa pembeni, kichwa kimekipachika katikati ya fito mbili ili wenzake wasikifikie, nao wakakidonoa chini ya bawa.

Ijumaa hiyo kulikuwa na harusi mtaani, na Bi Tabia akarudi kutoka kwa biharusi vidole vyake vimepakwa hina, imekolea hadi fundo la pili. Akachota mchele uliovunjika, akapenyeza mkono baina ya fito.

"Yallah! Mjaka! Wananila!"

Mzee akaja mbio. Bi Tabia alikuwa ameshika mkono wake, na kwenye ncha ya kidole cha shahada pametoka damu. Mchele ulikuwa umemwagika chini, wala hawakuugusa.

"Mchele wameuacha," alisema Bi Tabia akihema. "Wameuacha mchele, wamekuja kwenye vidole."

"Penyeza mkono tena."

"Penyeza wako!"

Mzee akapenyeza wake, mweusi, mkavu, umejaa sugu za kamba. Makinda wakausogelea, wakaudharau, wakaenda kwenye mchele. Akautoa. Akamtazama mkewe. Bi Tabia, bila ya kuambiwa, akapenyeza kidole kimoja tu chenye hina. Wakamrukia watatu kwa pamoja.

Wakatazamana wale wazee wawili. Kisha wote wakageuka kuwatazama kanga, kila mmoja na alama yake nyekundu iliyopakwa kwa mapenzi, asubuhi na jioni, ili wenzake wasikose pa kudonoa.

"Mimi," alisema Bi Tabia. "Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapakulia."

"Kakwangue masizi ya masufuria," alisema Mzee Mjaka. "Yote."

Akatoka yeye kwenda kutafuta sifa, mafuta yale ya ini la papa yanayopakwa majahazi, ambayo ukiyapitia karibu njaa inakutoka na huzuni inakuingia. Wakachanganya na masizi. Wakawakamata mmoja mmoja na kuwapaka kila palipokuwa na wekundu, na pasipokuwepo pia. Baada ya hapo mzee akakaa juu ya kinu mbele ya banda, na jua likazama, na hakuna aliyemdonoa mwenziwe. Mmoja alijaribu. Alionja, akajipangusa mdomo kwenye mchanga, akatoka hapo kama mtu aliyekutana na anayemdai.

Bi Mwanakheir akarudi baada ya siku chache. Mtaa mzima ulitoka, dufu zikapigwa, watoto wakakimbilia tende. Bi Tabia alikuwa na ndoo ya maji tayari.

"Tuwaoshe, bwana we. Atawaonaje hivi? Wanatisha, wananuka."

"Ukiwaosha, kitaonekana kidonda. Kikionekana, kitadonolewa mbele yake."

"Na usipowaosha atasema umemharibia. Watu wote wale!"

"Na waseme," alijibu mzee. Lakini alivaa kanzu yake ya Ijumaa, kama anayekwenda kwa kadhi.

Bi Mwanakheir hakwenda nyumbani kwake kwanza. Alikuwa amekonda, amevaa nyeupe, na mwendo wake haukuwa ule wa zamani. Akapita katikati yetu bila ya kumshika mtu mkono, akaingia ua wa Mzee Mjaka, na sisi nyuma yake, tukajazana mlangoni. Akasimama mbele ya banda. Ndani yake walikuwamo viumbe tisa weusi kama vyungu, wananuka kama gati.

Dufu zikanyamaza.

"Ndio hawa?"

"Ndio hawa," alisema Mzee Mjaka. "Tisa. Lakini wazima si wazima. Wameumana, na sisi kwa kutojua tukawazidishia. Yule mdogo ana kidonda chini ya bawa. Nimekosa kukulindia, Bi Mwanakheir. Sema utakalo, watu wapo."

Bi Mwanakheir akaingiza mkono, akakitoa kile kijike, akakiinua bawa. Masizi yakamwingia kwenye nguo zile nyeupe. Akakaa hivyo mpaka tukaanza kusogezana.

"Walikuwa wakiumana tangu kwangu," alisema.

"Vipi?"

"Nilipowatia kwenye tenga damu nshaiona. Ndiyo maana nikafunika, nikakwambia magharibi. Nikasema moyoni, na wafie kwake, nijue nimemlipa tawi langu." "Nimesimama Arafa, Mjaka. Watu wanalia madhambi yao, mimi nasikia kanga. Nimekuja kukuomba radhi tena. Ile ya kwanza nilikuomba kwa mdomo."

Bi Tabia alishika kilemba cha kichwa chake. Alikuwa amekumbuka lile doa alilolidhania tambuu.

"Uliniomba radhi," alisema Mzee Mjaka polepole, "na damu umeshaiona?"

"Nshaiona."

Mzee akageuka, akaingia ndani. Tukadhani ndiyo basi, mlango utafungwa, na Bi Mwanakheir atabaki na hija yake mkononi mwa jirani. Mtu mmoja nyuma akasema "Astaghfirullah." Kisha mzee akatoka amebeba kopo la masizi na sifa, na kiguo kimefungwa kwenye kijiti.

"Asubuhi na jioni," alimwambia. "Usipake haraka. Huyo mdogo, anza chini ya bawa."

"Na radhi, jirani?"

"Wakipona."

Akaenda nao. Na kwa muda wote uliofuata Hajjati Mwanakheir, badala ya kukaa barazani kwake kupokea wageni na kutoa zamzam, alikuwa uani akikimbizana na kanga, ananuka papa, na waliokuja kumwamkia walimwamkia kwa mbali. Sisi mzaha tuliuacha. Matar alijaribu siku moja, Muhiddin akamkanyaga mguu.

Bwana Abdulla akazirudisha bangili. Mzee Mjaka akazipokea katika kitambaa kilekile.

Asubuhi moja Hajjati akabisha hodi, amekibeba kile kijike mikononi. Utosi ulikuwa umefunga. Madoa meupe yamerudi kifuani, mengi, kama mtu aliyerushiwa mchele. Mzee Mjaka akaacha kamba zake, akaja, akakiinua bawa, akapuliza manyoya yaachane. Akapapasa ngozi kwa kidole gumba, huku na huku, bila ya haraka yoyote, na Hajjati amesimama akikifuata kidole kwa macho.

"Pamefunga," alisema.

"Pamefunga."

"Nimekuwia radhi."

Hajjati akakohoa. Jani la mshelisheli likaanguka birikani, wala hakuna aliyegeuka.