Usingizi wa Pundamilia

Tangu alfajiri Daktari alikuwa amechanja ng'ombe mia moja na arobaini, na nguo zake zote zilinuka zizi. Alichotaka duniani ni kufika nyumbani, kuvua viatu, na mtu yeyote asimwulize chochote. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyekuwa akiendesha pikapu. Watu walimwita Breki, kwa sababu hata kivuli cha nguzo kilimtosha kusimamisha gari. Kwa hiyo aliposimama ghafla kwenye kona ya kiwanda cha matofali, Daktari hakuinua hata macho.

"Umeona nini tena, shemeji? Kipepeo?"

"Pundamilia," alisema Breki. "Yuko chini."

Alikuwa jike, mnene, amelala ubavu kwenye changarawe za kando ya lami. Lori lilikuwa limemgonga likaenda zake. Miguu yote miwili ya nyuma ilikuwa imevunjika, na mmoja mfupa ulikuwa nje. Kila baada ya muda alijiinua kwa miguu ya mbele, akafika nusu, akaporomoka na kugonga kichwa chini. Halafu alilia. Daktari alikuwa na miaka thelathini na moja kazini na sauti ile hakuwahi kuizoea. Watu kama kumi walikuwa wamesimama wakitazama, wengine wakipiga picha, na wanaume wawili walikuwa na visu ambavyo walijitia hawanavyo.

"Haponi huyu," alisema Daktari.

"Kama haponi, twende zetu. Nakuomba, shemeji. Usishuke na mkoba."

Breki alikuwa na haki ya kuomba. Miaka minne nyuma walimkuta kongoni amenasa kwenye waya wa uzio, utumbo nje, na Daktari akamchoma sindano ya mwisho bila kumwuliza mtu. Mnyamapori ni mali ya serikali, na anayeruhusiwa kumuua ni afisa wa wanyamapori tu. Bodi ya madaktari wa mifugo ilimwita, ikamsomea vifungu kama mtoto wa shule, ikampa barua ya onyo: akirudia, leseni inafutwa. Leseni hiyo ndiyo iliyokuwa duka la dawa, pikapu, chuo cha bintiye, na sufuria ya Breki na wanawe watatu. Ikifutwa, unga wa nyumba mbili umemwagika.

Na kilichomchosha zaidi ni kwamba hakuweza kuichukia sheria yenyewe kwa moyo mmoja. Aliwatazama wale wenye visu. Ukimruhusu kila mtu ammalize mnyama anayeteseka, kesho kila mwenye gunia la nyama atakuambia alimkuta anateseka. Alishuka na mkoba, lakini mkononi alishika simu.

Alipigwa danadana. Ofisi ya kwanza ilimwambia apige ya pili, ya pili ikamwambia ya kwanza ndiyo yenyewe, na ya kwanza ilipopigiwa tena ikampa namba ya afisa aliyekuwa mbali, akifukuza tembo kwenye mashamba ya watu. Afisa alipokea kwa sauti ya mtu asiyelala.

"Nakuja, mama. Saa moja tu nipo hapo."

Ilikuwa saa saba mchana. Daktari aliketi kwenye ukingo wa pikapu, akashika tama. Pundamilia alijiinua, akaanguka. Alijiinua tena, akaanguka tena. Mara ya tano Daktari alisimama, akafungua mkoba.

"Shemeji," alisema Breki, akiwa amekwisha kushuka.

"Sheria inasema kuua. Haisemi kutuliza."

"Hiyo ni akili ya wakili."

"Basi nisaidie kama mteja. Mfunike macho kwa koti lako."

"Koti langu jipya?"

"Jipya la mwaka gani?"

Breki aliguna, akavua koti, akamfunika pundamilia macho na kukishika kichwa kwa uzito wake wote, huku akimbembeleza kwa maneno ambayo Daktari hakujua kama shemeji yake anayo. Sindano ilipita. Baada ya dakika chache shingo ililegea, pumzi ikawa ndefu, na ile sauti ikakatika. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja, maana hapakuwa na cha kutazama. Wale wawili wenye visu walibaki.

Saa moja ya afisa ikawa mbili, mbili ikawa karibu tatu. Kila akipigiwa alikuwa amekaribia, kama watu wote wanavyokaribia hali bado wanatafuta viatu. Saa kumi kasorobo dawa ilianza kuisha, sikio likacheza, mguu uliovunjika ukatikisika. Daktari hakungoja ile sauti irudi. Alimchoma tena, na safari hii alimpa kipimo kamili cha usingizi.

Dakika ishirini baadaye afisa alifika.

Alikuwa kijana mwembamba, sare imepauka mabegani, macho mekundu, bunduki begani. Alimwamkia Daktari kwa heshima, maana walifahamiana tangu kampeni za chanjo ya mbwa. Alitoa simu ya ofisi, akamlenga pundamilia nayo, halafu akaishusha.

"Mama, huyu amelala."

"Nimemlaza mimi. Miguu yote miwili imekwisha. Mpige tu, hatajua."

"Siwezi."

Daktari alidhani hakusikia vizuri. Afisa alieleza taratibu, akitazama chini. Mwaka uliopita mwenzake alimpiga risasi nyumbu aliyevunjika mgongo, na mpita njia akamrekodi. Kwenye video nyumbu ametulia, na nchi nzima ikauliza kwa nini afisa anaua mnyama mzima. Tangu hapo ukaja utaratibu mpya: kabla ya risasi, afisa mwenyewe arekodi nusu dakika, kwa simu ya ofisi, mnyama akionekana yu hai na anateseka. Bila hiyo, kosa ni la mwenye bunduki.

"Yule mwenzangu mpaka leo yuko nyumbani," alisema. "Anafuga kuku."

"Shemeji amepiga picha saa saba. Damu, mfupa, kila kitu."

"Za simu yake, mama."

"Nitakuandikia ripoti ya daktari."

"Fomu inataka daktari wa wanyamapori. Yuko mmoja tu, na yuko likizo."

Daktari alicheka, kicheko kikavu kisichompunguzia kitu. Kwa saa tatu alikaa juani kumwondolea mnyama maumivu, na kumbe alikuwa akimwondolea ushahidi. Aliuliza wafanye nini. Afisa alisema wasubiri aamke. Daktari alimwambia kwa kipimo kile haamki kabla ya magharibi. Afisa aliangalia jua, akaangalia gari lake, ambalo lilitakiwa kituoni kabla ya giza, kisha akajikuna kichwa.

"Nasikia mna dawa ya kuwaamsha," alisema polepole. "Mnachoma, mara moja mnyama yuko macho."

Daktari alikuwa nayo, kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba, kichupa kidogo ambacho hukitumia ng'ombe akilala kupita kiasi baada ya upasuaji. Breki ndiye aliyejibu, na hakuwa na utani hata chembe.

"Mwamshe, shemeji. Nusu dakika tu, halafu risasi. Nusu dakika, kwa ajili ya binti yako. Na wanangu."

Hakuwa akisema upuuzi. Nusu dakika si muda. Mtu huichuja chai kwa nusu dakika. Daktari alipiga magoti, akavuta dawa ya kuamsha ndani ya bomba la sindano, akagonga kwa kidole kutoa hewa. Aliondoa koti kwenye uso wa pundamilia, maana video ingetaka uso. Afisa aliinua simu.

Jicho lilikuwa nusu wazi, halina hofu ndani yake. Nzi alitembea juu ya kope na pundamilia hakuwa na habari naye. Daktari aliutafuta mshipa, akaupata, na mkono wake haukwenda mbele. Alijaribu kufikiria bintiye. Alimfikiria kweli, na vitabu vyake na miaka miwili iliyobaki, na bado mkono ulikataa. Aliona aibu, aibu ya kumfanya mtu uso uwe wa moto, kwamba alikuwa amefikia kumtia kiumbe maumivu ili karatasi ikamilike. Alichomoa sindano ile, akaiweka chini, akachukua kubwa, ile ya mwisho.

Afisa alielewa kabla ya Breki.

"Mama, mimi nipo hapa. Nikiona, nitaandika."

"Andika."

"Shemeji!" alisema Breki, mara moja tu. Kisha alikuja upande wa pili akakishika kichwa, ingawa hakikuhitaji kushikwa.

Dawa iliingia yote. Daktari aliweka kipimamoyo nyuma ya kiwiko, akasikiliza mpaka pakawa kimya, akaligusa jicho kwa ncha ya kidole. Saa kumi na dakika arobaini. Aliwageukia wenye visu, akawaambia nyama ile sasa ni sumu; mtu akiila atalala usingizi wa yule aliyeliwa, na tai akiila atakufa juu ya mzoga. Waliondoka wakimlaani kwa sauti ya kusikika. Ilibidi lichimbwe shimo siku hiyo hiyo, na refu. Breki aliteremsha mabeleshi kwenye gari la afisa bila kuagizwa, akaanza kuchimba kwa hasira, akiitukana changarawe badala ya shemeji yake.

Afisa aliitandaza fomu juu ya boneti. Aliuliza jina kamili, ingawa alilijua. Aliuliza namba ya leseni, na Daktari akaitaja kwa kichwa, tarakimu baada ya tarakimu. Dawa iliyotumika. Saa. Mahali. Kila jibu aliliandika kwa herufi kubwa, polepole, kama mtu anayetarajia kuzuiwa.

"Sababu ya kuua?"

Daktari aliegemea pikapu. Alikuwa na maneno mengi, lakini hayo angeyasema mbele ya bodi, na bodi ingekuwa ikitazama saa.

"Andika alikuwa amelala," alisema. "Sikuona sababu ya kumwamsha."

Kalamu ilisimama. Afisa alimtazama, kisha akaitazama fomu.

"Nafasi ni mstari mmoja, mama."

"Unatosha."

Aliandika. Alimchania nakala yake, akavua shati la sare na kulikunja vizuri kwenye kiti, akaenda kumsaidia Breki. Daktari aliitia nakala mfukoni bila kuisoma, akaenda gari la afisa kutafuta beleshi la tatu.